Uzi: Vigumba vya kuwindia kulungu kwa upinde, nyembe tuli au nyembe za kufunguka?

#1 Fundi_Wano

Wakuu salaam. Msimu ukikaribia swali huwa lile lile, "nifunge kigumba gani?", na majibu huwa ya kishabiki, kila mtu na timu yake. Mimi naona tunaanzia mwisho. Kwanza mshale uruke umenyooka, pili makali, tatu ndiyo ije aina ya kigumba. Na hiyo aina, kwa sehemu kubwa upinde wako ndio utakuchagulia.

Maneno kwanza tusije tukapishana njiani. Kigumba ni kichwa chenye nyembe kinachofungwa mbele ya wano, yaani mti wa mshale. Ncha ya mazoezi ni ile ya mviringo isiyo na makali. Greni ni kipimo cha uzito: greni 100 ni gramu 6.5 hivi, greni 125 ni gramu 8.1. Kulungu tunayemsema ni yule wa pembe zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, kama mkia mweupe wa Marekani au kulungu mwekundu wa Ulaya. Pongo hayumo humu.

Nyembe tuli: hazichezi, ziko wazi muda wote. Upana wa kawaida ni inchi 1 hadi 1 1/4 (milimita 25 hadi 32). Kuna kigumba cha chuma kizima, na kuna cha kubadilisha nyembe ambacho kina shina la alumini au chuma lenye mifereji ya kuchomekea nyembe. Ncha nazo ni za namna mbili. Moja inakata tangu inapogusa ngozi. Nyingine ni ya pembe tatu kama patasi, inatoboa kwanza, nyembe zinafuata nyuma. Ya kukata inakula nguvu kidogo. Ya patasi inavumilia mfupa kuliko ncha nyembamba ya bapa, ambayo ikigonga mfupa vibaya hujikunja kama ulimi.

Nyembe za kufunguka: hewani zimekunjwa, zikigonga zinafunguka. Upana wake ni inchi 1 1/2 hadi 2, nyingine zaidi.

Mwenye hoja aje na namba.

#2 Mvuta45

Mkuu, upinde wa kapi, nguvu ya kuvuta pauni 45, mshale mzima greni 400, kasi futi 210 kwa sekunde. Nimeshauriwa nyembe za kufunguka za inchi 2, eti shimo kubwa damu nyingi. Ni sawa?

#3 Fundi_Wano

Hapana, na sababu iko kwenye namba zako mwenyewe. Chukua uzito wa mshale kwa greni, zidisha kwa kasi, zidisha tena kwa kasi, gawa kwa 450,240. Unapata nguvu (nishati) ambayo mshale unaibeba.

400 × 210 × 210 ÷ 450,240 = pauni-futi 39, sawa na jouli 53.

Chati ya Easton, watengenezaji wa mishale, inawaweka kulungu kwenye pauni-futi 25 hadi 41. Kwa hiyo nguvu ya kulungu unayo. Usichokuwa nacho ni nguvu ya kuchezea. Kigumba cha kufunguka kinakutoza mara mbili: kwanza nguvu ya kuzisukuma nyembe zifunguke, halafu nguvu ya kuburuta makali mapana ndani ya ngozi, nyama na mbavu. Matokeo yake mshale unaingia, unasimama katikati ya kifua, hautokei upande wa pili. Shimo moja la juu, na damu inabaki ndani.

Wewe funga nyembe tuli, bapa la nyembe mbili au mbili na vijembe viwili vidogo, ncha ya kukata, upana inchi 1 hadi 1 1/8. Tafuta kirefu chembamba kuliko kifupi kipana. Bapa lenye urefu mara tatu ya upana wake linaingia kwa mteremko wa pole, kama kabari nyembamba kwenye gogo. Fupi pana linagonga ukuta.

Usisahau pia mshale. Greni 400 kwa pauni 45 ni karibu greni 9 kwa kila pauni, pazuri sana. Ukishawishiwa upunguze uzito upate kasi, kataa. Chini ya greni 5 kwa pauni unaanza kuuumiza upinde wenyewe.

#4 Podo_Tupu

Kwa pauni 45 sina ubishi. Lakini usitufanye tuonekane kwamba nyembe za kufunguka ni za wavivu.

Kigumba cha kufunguka hakina mabawa mbele. Upepo wa pembeni haukishiki kama kile cha nyembe zilizo wazi, na kinaangukia karibu na ncha ya mazoezi bila kukutesa. Mshale ukienda nyuma kidogo ya ulipolenga, upana ule ndio unaogusa ini au mshipa ambao kigumba chembamba kingeupita. Kwa upinde wa pauni 60 na kuendelea, mshale wa greni 420 na kasi ya futi 260 au zaidi, nguvu ya kulipa hiyo tozo ipo: 420 × 260 × 260 ÷ 450,240 ni pauni-futi 63. Hicho ndicho kiwango changu cha chini, wengine wanashuka zaidi.

Ila msinunue kwa kusoma upana kwenye pakiti. Pigeni hesabu ya mkato wote: upana gawa kwa mbili, zidisha kwa idadi ya nyembe. Nyembe tuli tatu za inchi 1 1/8 ni milimita 14.3 × 3, karibu 43. Nyembe mbili za kufunguka za inchi 2 ni milimita 51. Pakiti inakuonesha karibu mara mbili, ukweli ni tofauti ya milimita 8. Tena mkato wa nyembe mbili ni mstari mmoja, ngozi ikitulia unajifunga kama tundu la kifungo. Wa nyembe tatu unaacha pembe tatu iliyo wazi.

Kuna namna mbili za kufunguka, msizichanganye:

Za kufungukia mbele. Ncha za nyembe ziko mbele, zikigonga zinapinduka kurudi nyuma kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Ubaya wake uko kwenye pembe kali. Mnyama akiwa ameinamia upande, wembe mmoja unashika ngozi kabla ya mwenzake na kuusukuma mshale pembeni. Unaweza kuteleza juu ya mbavu badala ya kuingia.

Za kufungukia nyuma. Nyembe zinateleza kwenye mfereji kurudi nyuma huku zikitanuka, kwa hiyo tangu zinapoingia zinakata. Kwenye pembe ni afadhali sana. Kama ni lazima ufunge za kufunguka, funga hizi.

Kinachozishika nyembe zisifunguke mapema ni oringi ya mpira, kola ya plastiki au kibanio cha chuma. Oringi hukauka, baridi huifanya ipasuke, na ikishafunguka mara moja imekwisha kazi. Weka mpya kila baada ya mshale. Kabla ya kutoka, zisukume nyembe kwa kijiti (si kidole): zitoke kwa ubishi kidogo, zisitoke zenyewe ukitikisa mshale. Kwa pinde za kitako na kifyatuo zinazorusha futi 350 na kuendelea, nunua vile vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Kola ya kawaida inaachia mshale ukiwa bado hewani, na hapo unakuwa umerusha jani.

#5 Bi_Upote

Mnabishana kuhusu nyembe wakati nusu ya wanaosoma vigumba vyao haviruki vilikolengwa. Niwape utaratibu, atakayeufuata hatahitaji kujificha nyuma ya nyembe za kufunguka.

Anza na mezani. Simamisha mshale kwenye ncha ya kigumba juu ya kipande cha mbao, uzungushe kwa vidole kama pia. Angalia pale kigumba kinapokutana na wano. Kikitulia, kizuri. Kikitetemeka, kitoe ufunge kingine kwenye wano lile lile. Cha pili kikitulia, cha kwanza kimepinda. Vyote vikitetemeka, tatizo ni wano: mdomo wake haukukatwa mraba, au kiingizo (kipande cha ndani ya wano kinachoshika kigumba) kimekaa upande. Paka wino wa makapeni kwenye mdomo wa wano, usage taratibu kwenye kifaa cha kunyooshea mpaka wino uondoke pande zote sawasawa. Kuhusu moto, kaboni haupendi. Kiingizo kilichogundishwa kwa gundi ngumu usikichome ili kukigeuza, nyuzi za kaboni zinaachana na huwezi kuliona hilo kwa macho.

Sasa uwanjani, mita 20 kwanza. Rusha mishale mitatu ya ncha za mazoezi na mitatu ya vigumba vya uzito ule ule. Lenga alama mbili tofauti, usijipasulie mishale. Linganisha katikati ya kila kundi na alama yake, wala usihangaike na mshale mmoja uliopotea.

Vigumba vikienda kushoto ya ncha za mazoezi, sogeza kilalio (kifaa cha upinde anapolala mshale kabla ya kurushwa) kulia. Vikienda kulia, sogeza kushoto. Vikianguka chini, pandisha kilalio (au teremsha noki, yaani mkia wa mshale wenye mfereji, kwenye upote). Vikipanda juu, fanya kinyume. Kifupi: kilalio unakisogeza kuelekea zilipo ncha za mazoezi. Kila mara sogeza kiasi cha nusu milimita, isizidi milimita moja. Rudia. Makundi yakikutana mita 20, nenda 30, kisha 40. Usiguse kioo cha kulengea mpaka makundi yakutane, ukikigusa mapema unaficha ugonjwa.

Ukishasogeza kilalio zaidi ya milimita 3 kutoka kilipokuwa na bado havikutani, acha. Hapo sababu ni nyingine: wano si la ugumu unaofaa, kapi imelala upande, mkono unaukaba upinde, au manyoya yanagusa kilalio mshale ukitoka. La mwisho unalikamata kwa kupaka poda ya miguuni kwenye manyoya na kilalio. Palipoguswa patajionesha.

Na manyoya yenyewe. Kigumba chenye nyembe wazi ni bawa mbele ya mshale, linataka usukani wenye nguvu nyuma. Vipande vitatu vilivyonyooka kabisa na vifupi havitoshi. Vipinde nyuzi 2 hadi 3, kimo kirefu kidogo, mshale uzunguke mapema.

#6 Kichaka

Dada, na kupanga nyembe za kigumba zilingane na manyoya, inasaidia?

#7 Bi_Upote

Haisaidii. Mshale unazunguka, hewa haijui wembe gani unatazamana na unyoya gani. Kinachosaidia ni kigumba kukaa katikati. Kuna wanaolegeza kigumba robo mzunguko ili nyembe zilingane na manyoya. Hapo wamenunua kigumba kilicholegea kwa bei ya urembo.

#8 Jiwe_na_Tupa

Nimesubiri mtu aguse makali, naona hakuna.

Kigumba kipya cha dukani usikiamini mpaka ukijaribu. Nyembe za kubadilisha nyingi huja kali. Chuma kizima mara nyingi huja na makali ya kiwandani tu, yanakata karatasi lakini si zaidi.

Kipimo cha nywele za mkono kinadanganya kidogo, maana nywele imesimama mahali pake. Mshipa wa damu unateleza, unakwepa. Chukua rababendi nyembamba, ivute kidogo kati ya vidole viwili, iguse kwa makali bila kukandamiza. Ikikatika kwa kuguswa, umefika. Ikibonyea kwanza ndipo ikatike, rudi kwenye jiwe.

Kwa nini nang'ang'ana? Mshipa uliokatwa safi unaendelea kumwaga. Uliochanwa na kusagwa unasinyaa, na nyama iliyopondeka ndiyo inayoamsha damu igande. Kigumba butu cha inchi 2 kinafanya kazi mbaya kuliko kikali cha inchi 1.

Kunoa bapa la nyembe mbili:

1. Paka wino wa makapeni kwenye mteremko wote wa makali.
2. Weka kwenye jiwe kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25, pitisha mara mbili tu, angalia. Wino ukibaki ukingoni kabisa, umelaza mno. Ukitoka ukingoni peke yake, umeinua mno. Rekebisha mpaka utoke wote.
3. Saga upande mmoja mpaka usikie ukucha mwembamba wa chuma umejitokeza upande wa pili, mwanzo mpaka mwisho. Uguse kwa kupitisha kidole kukatiza makali, kamwe si kufuata urefu wake.
4. Geuza, fanya hivyo hivyo. Kisha jiwe laini, mikandamizo ikipungua kila mara.
5. Malizia kwenye ngozi yenye dawa ya kung'arishia, ukivuta kurudi nyuma, mara 10 hadi 15 kila upande.

Wanaoshindwa wanaruka hatua ya 3. Wanahamia jiwe laini kabla ukucha haujatokea urefu wote, wanang'arisha ubutu.

Kigumba cha chuma kizima chenye nyembe tatu ni rahisi kuliko vyote. Kilaze jiwe likiguswa na nyembe mbili kwa pamoja, sukuma, zungusha kwenda jozi nyingine, hesabu ziwe sawa. Pembe inajipanga yenyewe.

Kuhusu chuma, ugumu wa HRC (kipimo cha Rockwell cha ugumu wa chuma) 52 hadi 56 unawafaa wengi: unashika makali na bado tupa au jiwe la kawaida linaumeza. Laini sana hujikunja, gumu kupita kiasi hukatika pembe likigonga mfupa. Mkishamaliza pakeni mafuta mepesi. Kutu ya usiku mmoja wa umande inakula ukingo, na ukingo ndio uliokuwa unautafuta.

#9 Mvuta45

Mzee wa jiwe asante. Vipi vile vilivyonolewa upande mmoja tu? Nasikia vinapasua mfupa.

#10 Jiwe_na_Tupa

Vinapasua kwa sababu vinazunguka. Mteremko ukiwa upande mmoja tu wa kila ukingo, nyama na mfupa vinausukuma kigumba kijipinde kama parafujo, na bapa linapokuwa katikati ya mfupa ule mzunguko unautanua ufa. Sharti moja: mzunguko wa kigumba na wa manyoya viwe upande mmoja. Manyoya yakizungusha kulia, nunua kigumba cha mteremko wa kulia. Ukivichanganya, mshale unaingia ukizunguka huku na ndani unalazimishwa kule, unapoteza nguvu ya bure.

Kunoa ni rahisi pia, unashughulika na mteremko mmoja na upande wa pili unaondoa ukucha tu.

#11 Kichaka

Hapo ndipo watu wanapotaja Ed Ashby na greni zake 650, wananunua mishale kama nondo.

#12 Fundi_Wano

Na wanamnukuu nusu. Ashby alipima mishale kwa miaka mingi kwenye wanyama wakubwa Afrika na Australia. Greni 650 ni kizingiti chake cha kupenya mfupa mzito. Ubavu wa kulungu si mfupa mzito. Kilicho juu ya orodha yake ni mshale kutokuvunjika mahali popote, kisha mshale kuruka umenyooka. Uzito uko chini ya hapo.

Kwa kulungu, mshale mzima wa greni 400 hadi 500 kwenye upinde wa kapi wa pauni 50 hadi 70 unatosha. Kutoka hapo swali la kweli ni greni 100 au 125 mbele.

Ukiongeza greni 25 kwenye kigumba unapoteza futi 6 hadi 8 hivi za kasi kwa sekunde. Hilo ni dogo, kioo cha kulengea kinalimaliza. Kubwa ni kwamba wano linakuwa laini zaidi linaporushwa. Namba iliyoandikwa kwenye wano ni kiasi linavyopinda: linaegemezwa mahali pawili penye umbali wa inchi 28, linaning'inizwa uzito wa pauni 1.94 katikati. Likipinda inchi 0.400 linaitwa 400, likipinda 0.340 linaitwa 340, ndilo gumu zaidi. Mtu aliyekuwa ukingoni mwa 400 na kigumba cha greni 100, akifunga 125 amevuka. Vigumba vinaanza kutawanyika, analaumu kiwanda. Soma tena chati ya mtengenezaji wa mawano kwa uzito mpya wa mbele kabla hujanunua pakiti.

Uwiano wa mbele, yaani mshale umeelemea mbele kiasi gani, unaupata hivi. Pima wano kutoka kwenye mfereji wa noki mpaka mdomo wa wano, tuseme sentimita 72. Tafuta mahali mshale mzima, kigumba kikiwemo, unapotulia juu ya ukingo wa kisu: sentimita 44.5 kutoka noki. Toa nusu ya urefu: 44.5 − 36 = 8.5. Gawa kwa 72, ni karibu asilimia 12. Kati ya 10 na 15 uko salama. Chini ya hapo kigumba cha nyembe wazi kinakuwa na kiburi.

Kiungo kinachosahaulika ni kiingizo. Kigumba cha chuma kigumu kwenye kiingizo chepesi cha alumini kikigonga bega, kiingizo kinarudishwa nyuma na kulipasua wano kama muwa. Weka kiingizo cha shaba ya manjano, au uvike mdomo wa wano kwa nje kola fupi ya alumini au chuma, hapo umeziba. Hesi ya vigumba vingi ni ya kipimo cha 8-32, lakini mawano membamba sana mengine yana hesi ndogo zaidi. Angalia kabla hujafungua pakiti.

#13 Podo_Tupu

Naongeza la pembe ya kurushia, maana ndilo linaloamua kigumba kuliko pauni.

Mnyama akisimama ubavu, lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Mapafu yote mawili yapo hapo, mbele yake kuna mbavu tu. Akigeukia mbali nawe kwa pembe, lenga mahali ambapo mshale utatokea kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili, hata kama pa kuingilia panaonekana nyuma sana. Akikutazama kwa pembe, usirushe. Hakuna kigumba cha kurekebisha hilo. Bapa la bega liko mbele yako na nafasi ya kupita ni ndogo kama kiganja.

Ukiwa juu ya mti mita 6 na mnyama yuko mita 15 kutoka shina, mshale unashuka kwa pembe ya nyuzi 22 hivi. Unaingia juu. Usipotokea chini, kifua kinajaa damu kama ndoo na ardhini hupati tone mpaka ijae. Ndiyo maana mkaaji wa mtini anahitaji kupenya kuliko anavyohitaji upana. Hata mimi mpenzi wa kufunguka, nikiwashauri wa juu ya mti wenye pauni 50, nasema nyembe tuli.

#14 Bi_Upote

Mkuu Podo hapo umenena. Na mshale ukishapita, usome kabla ya kufuata. Damu ya waridi yenye mapovu ni mapafu, subiri nusu saa. Nyekundu iliyokoza bila mapovu, pengine ini, saa 4 au zaidi. Uchafu wa kijani au kahawia wenye harufu ni tumbo, saa 8 hadi 12. Ukimkurupusha wa tumbo mapema anatoka pale alipolala na damu imekwisha kuziba.

#15 Kichaka

Sheria je?

#16 Fundi_Wano

Soma za mahali unapowinda, kila mwaka, zinabadilika. Zinagusa mambo manne: upana wa chini wa kigumba, nyembe za kufunguka kuruhusiwa au la, vigumba vyenye miiba ya kurudi nyuma, na nguvu ya chini ya upinde. Mfano Colorado, Marekani, inataka upana usiopungua inchi 7/8 na kingo mbili za chuma. Uingereza kuwinda kulungu kwa upinde kumekatazwa kabisa. Kigumba chenye mgongo ulioinamia mbele kama ndoana kinaweza kuhesabiwa kuwa cha miiba hata kama muuzaji hakukiita hivyo. Tazama pembe ya nyuma ya nyembe, iteremke kuelekea wano ili kiweze kurudi.

#17 Jiwe_na_Tupa

Na funga kwa ufunguo wake wa plastiki, si kwa vidole. Podo liwe na kofia inayofunika nyembe zote. Wakati wa kumpasua mnyama, hesabu nyembe zilizobaki kwenye kigumba kwanza. Wembe uliokatika uko humo ndani ukikusubiri mkono.

#18 Mvuta45

La mwisho kwangu. Kigumba kikishapita kwenye mnyama, au kikishapigwa kwenye sponji la mazoezi, kinarudi podoni?

#19 Jiwe_na_Tupa

Sponji linaua makali hata kwa mshale mmoja. Kwa hiyo kila kigumba cha kuwindia kirushwe mara moja au mbili kuthibitisha kinaruka, kisha kinolewe au kibadilishwe nyembe. Usikirushe kwenye gunia la matambara, hutakitoa. Tenga viwili vya mazoezi, vitie alama ya rangi.

Kilichopita kwenye mnyama: osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha. Kizungushe kama dada alivyoeleza. Shina la alumini lililopinda usilinyooshe, tupa. La chuma likitulia, tazama ncha kwenye mwanga. Ukingo wenye kidoa kinachong'aa ni butu au umekwanyuka, kwa sababu makali ya kweli hayarudishi mwanga. Kwa cha kufunguka, badilisha nyembe, oringi, na pini kama inacheza, kisha kijaribu kufunguka mara tatu kwa kijiti. Halafu kagua na wano. Lipinde taratibu mbali na uso huku ukilizungusha, usikilize. Likitoa mlio wa kukwaruza, livunje vipande viwili kabisa kabla hujalitupa, asije mtu akaliokota na kulivuta.

#20 Mvuta45

Nimeelewa. Bapa la nyembe mbili, greni 125, na chati ya wano naifungua sasa hivi.

#21 Fundi_Wano

Kwa pauni 45 wano la 500 huwa linakaa sawa kwa urefu wa inchi 28 na greni 100. Kwa 125 liangalie 400 kwenye chati, usibahatishe. Rusha moja ya kila ugumu kabla ya kununua dazeni.